Uwanja Ubaki, Chuo Kibomolewe

Mhadhara uliotolewa kabla ya onyesho la filamu ya Horse Feathers



Filamu tutakayoitazama ilitolewa na kampuni ya Paramount Agosti 1932. Inaitwa Horse Feathers, na Mmarekani wa siku zile akikutamkia maneno hayo mawili alikuwa anakwambia kwamba unasema upuuzi mtupu. Mwongozaji ni Norman Z. McLeod. Waigizaji wakuu ni ndugu wanne wa tumbo moja: Groucho, Harpo, Chico na Zeppo Marx. Ni filamu ya dakika 68 tu, kwa hiyo nitajitahidi mhadhara usiwe mrefu kuliko filamu, kosa ambalo sisi walimu tunalipenda mno.

Hadithi ni hii. Chuo cha Huxley hakijashinda mchezo wa mpira tangu 1888, na tangu mwaka huo kimekuwa kikibadilisha mkuu wa chuo kila mwaka. Anakuja mkuu mpya, Profesa Quincy Adams Wagstaff, ambaye ni Groucho mwenye masharubu ya kuchorwa na biri isiyotoka mkononi. Mwanawe Frank, yaani Zeppo, yupo chuoni hapo miaka 12 na hana haraka ya kumaliza. Frank anamwambia baba yake kwamba kinachokiangusha chuo ni timu, na kwamba wachezaji wawili hodari hupatikana katika baa moja ya siri mjini. Mkuu wa chuo anakwenda kuwatafuta huko na anakosea watu. Anamsajili Baravelli, muuza barafu ambaye riziki yake hasa ni pombe ya magendo, na mwenzake Pinky, mkamata mbwa asiyesema neno. Hao ni Chico na Harpo. Wachezaji wa kweli wameshachukuliwa na Jennings, mcheza kamari aliyeweka dau kwa wapinzani, Chuo cha Darwin. Mwisho wa yote ni mechi ya Huxley na Darwin.

Majina ya vyuo hivyo ni utani kwa waliosoma kidogo. Thomas Henry Huxley ndiye Mwingereza aliyeshika bango la kumtetea Charles Darwin nadharia ya mageuzi ya viumbe ilipotoka. Sasa wanapambanishwa uwanjani, na hakuna mchezaji yeyote kati ya hao anayeelekea kuwahi kufungua kitabu cha mmoja wao. Tukumbuke pia kwamba mwaka 1925, huko Dayton, jimbo la Tennessee, mwalimu alishtakiwa kwa kufundisha nadharia hiyo darasani. Mtazamaji wa 1932 hakuhitaji kuelezwa.

Kuna desturi ya kusema kwamba filamu hii inavikejeli vyuo vikuu kwa kumkalisha mpumbavu kwenye kiti cha mkuu. Mimi nasoma vingine. Wagstaff ndiye mtu pekee pale Huxley anayesema kwa sauti kile ambacho daftari la hesabu la chuo limeshakisema kimyakimya. Wengine wote wana joho, ndevu nyeupe na adabu. Yeye ana biri, na ana ukweli.

Ushahidi wangu mkubwa ni mazungumzo mafupi sana, hayafiki nusu dakika, kwa hiyo kaeni macho. Wagstaff anawauliza maprofesa wawili kama chuo kina uwanja wa mpira. Kinao. Anauliza kama kina chuo. Nacho kipo. Basi, anasema, vyote viwili hatuvimudu, kesho tuanze kukibomoa chuo. Maprofesa wanashtuka, halafu wanauliza: wanafunzi watalala wapi? Anawajibu kwamba watalala pale wanapolala siku zote, darasani. Watu huangua kicheko kwa jibu hilo, na wana haki. Lakini lisikilizeni swali. Chuo kimetangaziwa kifo, na jambo la kwanza linalowajia wasomi hawa wawili ni malazi. Hakuna aliyeuliza watoto watafundishwa wapi.

Sasa neno kwa wale ambao wakisikia mpira wanawaza Simba na Yanga au Gor Mahia. Mpira wa Kimarekani unabebwa na kurushwa kwa mkono zaidi kuliko unavyopigwa teke. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapata manne mengine, ikishindwa inaukabidhi kwa wapinzani. Kuufikisha kwenye ukanda wa mwisho ni pointi sita. Kabla ya kila jaribio mchezaji mmoja hupaza sauti akitaja ishara za siri ili wenzake wajue mpira unaelekea wapi. Ishara hizo ni mali, ndiyo maana katika filamu hii kuna mwanamke anayetumwa kuziiba. Kazi ya kuzitangaza kwa upande wa Huxley inamwangukia Baravelli. Anazitangaza kwa vina vya nyimbo za watoto wadogo, na kina cha mwisho kinataja waziwazi kwamba safari hii tunapita katikati.

Mchezo huu ulizaliwa vyuoni, na hilo ni muhimu kuliko sheria zake. Novemba 6, 1869, vijana wa Rutgers na wa Princeton walikutana New Brunswick, jimbo la New Jersey, 25 kila upande, Rutgers wakashinda 6 kwa 4. Wanafunzi walijipanga wenyewe, wakacheza wenyewe. Haukupita muda, wahitimu wenye fedha, magazeti na wakuu wa vyuo wakauona. Kufikia 1905 wachezaji walikuwa wanafia uwanjani kwa wingi kiasi kwamba Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton awaambie wausafishe mchezo. Mwaka uliofuata kikaundwa chombo cha kusimamia michezo ya vyuo ambacho leo kinaitwa NCAA, na kurusha mpira mbele kukaruhusiwa ili wachezaji wasiendelee kukanyagana katikati.

Kilichosafishwa ni mifupa. Fedha ilibaki pale pale na ikazaana. Harvard ilikuwa na uwanja wa zege tangu 1903, Yale ikajenga wake 1914, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila chuo chenye jina kikataka wa kwake. Michigan ilifungua uwanja wenye viti 72,000 mwaka 1927. Fedha ya kuujenga ilipatikana kwa kuuza hati za mkopo 3,000 za dola 500 kila moja, na mwenye hati alipata haki ya kununua tiketi. Kwa lugha ya mtaani, chuo kilikopa kwa mashabiki wake. Sasa jiulizeni maana yake miaka mitano baadaye, wakati karibu Mmarekani mmoja kati ya wanne wenye nguvu za kufanya kazi hakuwa na kazi, na Wagstaff anatoka kwenye skrini kuwauliza watu kama wanaweza kumudu uwanja na chuo kwa pamoja. Swali la mwendawazimu yule lilikuwa kwenye ajenda za vikao halisi.

Hata habari ya kununua wachezaji haikubuniwa na waandishi. Oktoba 1929 taasisi ya Carnegie ilitoa ripoti nene juu ya michezo vyuoni, baada ya wachunguzi kutembelea vyuo zaidi ya 100. Walikuta vijana wakisakwa mashuleni kama wachezaji wa ligi, wakipewa ajira hewa, mikopo isiyodaiwa na bahasha kutoka kwa wahitimu matajiri, huku vyuo vikiapa kwamba vinacheza mchezo wa ridhaa. Ripoti hiyo ilitoka wiki ile ile soko la hisa la New York lilipoporomoka, kwa hiyo taifa lilikuwa na mambo mengine ya kuhuzunikia. Miaka mitatu baadaye Groucho akaisoma kwa sauti, kwa namna yake, na safari hii watu wakalipa kiingilio kuisikiliza.

Na angalieni Wagstaff anakokwenda kuwasaka wachezaji. Marekani ilikuwa chini ya marufuku ya pombe tangu 1920, na marufuku hiyo ilidumu hadi Desemba 1933. Mkuu wa chuo kikuu anaingia katika baa isiyoruhusiwa kisheria ili kununua wachezaji wasioruhusiwa kimaadili. Hakuna hata mhusika mmoja anayeona ajabu. Filamu inapita hapo kama mtu anayepita dukani kununua sukari.

Mlangoni mwa baa hiyo ndipo kuna mchezo ninaoupenda kuliko yote, nao tuutazame kwa karibu. Baravelli yupo ndani, amewekwa kulinda mlango. Wagstaff yupo nje. Hakuna kuingia bila neno la siri. Lakini Baravelli ana roho nzuri: anampa mgeni nafasi tatu za kubahatisha, na anamdokezea kwamba ni jina la samaki. Wagstaff anabahatisha jina la mwanamke. Baravelli anakataa, huyo si samaki. Wagstaff anashangaa, kwa sababu anavyomfahamu mama huyo, anakunywa kama samaki. Wanaendelea hivyo, mlinzi akimpa mvamizi msaada zaidi na zaidi, mpaka neno lenyewe, ambalo ni samaki mwenye upanga puani, linatoka. Wagstaff anaingia, Baravelli anajikuta nje, na sasa ni zamu yake kuulizwa neno. Mkuu mpya wa lango ameshalibadilisha, na ameshalisahau. Mwisho wake wote wawili wapo barabarani, mlango umefungwa. Halafu anakuja Pinky. Yeye hasemi. Anatoa ndani ya koti samaki mzima aliyechomekwa upanga mdomoni, anamwonyesha mlinzi wa ndani, anapita.

Nimewahi kufanya kazi katika ofisi ambayo kupata faili kulikuwa hivyo hivyo, ila sisi hatukuwa na samaki.

Huyo Harpo ndiye atakayewafikia wengi wenu kwa urahisi zaidi. Utani wa Groucho na Chico ni wa maneno, unakwenda mbio, na nusu yake unakufa ukivuka mpaka wa lugha. Sioni aibu kulisema, na anayesema anaudaka wote anajisifu. Harpo hana tatizo hilo kwa sababu yeye huyachukua maneno ya watu kama yalivyo. Ndani ya baa wacheza karata wanaomba mtu akate karata, naye anatoa shoka na kuzikata. Barabarani fukara anamwomba senti za kikombe cha kahawa, naye anaingiza mkono ndani ya suruali yake pana na kutoa kikombe cha kahawa, ina moshi. Wagstaff anamwonya kwamba mtu hawezi kuuwasha mshumaa ncha zote mbili, kwa maana ya kujichosha usiku na mchana. Harpo anamtolea mshumaa unaowaka ncha zote mbili.

Ndugu hawa walitoka wapi? New York, katika nyumba ya wahamiaji Wayahudi. Baba yao, Sam, alitoka Alsace na alikuwa fundi cherehani, ambaye kwa ushuhuda wa wanawe mwenyewe alikuwa fundi mbovu. Mama yao, Minnie, alitoka Ujerumani, na ndiye aliyewasukuma jukwaani. Shule waliiaga mapema. Harpo aliiacha akiwa darasa la pili. Groucho naye hakufika mbali, ingawa alisoma vitabu maisha yake yote na uzeeni akaandikiana barua na mshairi T. S. Eliot. Karibu mwaka 1910, wakizunguka miji na kumbi ndogo, walikuwa na mchezo wa jukwaani kuhusu darasa la watukutu, na Groucho ndiye aliyekuwa mwalimu. Kwa hiyo mtakapoona Wagstaff akivamia darasa la viumbe, akimfukuza profesa mwenye somo lake na kujaribu kufundisha mzunguko wa damu huku Baravelli na Pinky wakimrushia mbegu kwa mirija, jueni mnatazama kitu kilichopikwa kwa miaka zaidi ya 20. Na mwalimu anajibu mapigo kwa silaha ile ile. Ni somo pekee katika filamu nzima.

Waandishi walikuwa Bert Kalmar na Harry Ruby, waliotunga pia nyimbo, pamoja na Will B. Johnstone na S. J. Perelman. Perelman ndiye mwenye kalamu kali kuliko wote hao.

Kuna tukio moja ambalo mtazamaji wa leo hawezi kuliona kama alivyoliona wa Agosti 1932. Pinky yupo ofisini kwa mkuu wa chuo na anachochea moto. Kuni zake ni vitabu, anavitia mekoni kwa koleo, uso umejaa furaha ya mtoto. Miezi tisa baadaye, Mei 10, 1933, wanafunzi wa Kijerumani walichoma vitabu hadharani mjini Berlin, vingi vikiwa vya waandishi Wayahudi. Filamu haikutabiri chochote. Vijana wa fundi cherehani walitaka tu kuchekesha. Lakini mimi nikifika hapo hucheka nusu.

Tuje uwanjani. Filamu nyingi za mpira wa vyuo zilikuwa na mpango mmoja: kijana mnyonge au aliyedharauliwa anaingizwa dakika za mwisho, anateseka, anafunga, anapata heshima na mchumba. Harold Lloyd aliucheza mpango huo kwa ustadi mkubwa mwaka 1925 katika The Freshman, filamu ninayowashauri mwitafute. Lloyd anauamini mchezo. Mhusika wake anataka kupendwa na chuo, na mpira ndio mlango. Mtazamaji anacheka, lakini moyo wake unapiga makofi.

Ndugu wa Marx hawauamini hata kidogo. Hawataki kupendwa na Huxley. Hawajui vizuri wako timu gani. Pinky anamwaga maganda ya ndizi njiani ili wapinzani wateleze. Mpira una kamba ya kunyumbuka, ukirushwa unarudi kwa aliyeurusha. Mpinzani anapoweka mkono wake vibaya, Pinky anakipaka kidole cha mpinzani huyo haradali, anakitia ndani ya mkate na kukiuma. Wagstaff anakaa pembeni na biri yake, mpaka anapomwona mchezaji wa Darwin akikimbia peke yake kuelekea kufunga, naye anatoka benchini na kumwangusha. Mwamuzi anapuliza, watu wazima wanakimbia huku na huko kutafuta kifungu cha sheria kinachohusika. Mwishowe Pinky analeta gari la taka la kukokotwa na farasi, ndugu wanapanda juu yake wima kama wapiganaji wa Roma ya kale, wanaliendesha hadi ukanda wa mwisho, na pale wanauweka mpira chini. Kisha mwingine. Kisha mwingine tena.

Gazeti la Time liliwaweka ndugu hawa kwenye jalada lake la Agosti 15, 1932, wakiwa ndani ya gari hilo hilo la taka.

Mtaniuliza: kama filamu inasema kweli, mbona haina hata mtu mmoja mwema? Mbona hakuna profesa shujaa, mwanafunzi mwadilifu, mwandishi wa habari anayefichua? Hapo ndipo naipenda zaidi. Ingemweka mtu wa kurekebisha mambo, tungetoka ukumbini tumeridhika kwamba mambo yamerekebishwa. Huxley inashinda kwa udanganyifu wa kijinga kuliko wa Darwin, umati unashangilia, na chuo kinabaki kilekile.

Mtu wa kurekebisha mambo alikuwapo, lakini si Hollywood. Alikuwa Chicago. Robert Maynard Hutchins alipewa uongozi wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1929 akiwa na miaka 30. Chuo hicho hakikuwa cha mchangani kimpira. Kocha wake, Amos Alonzo Stagg, alikuwa ameiongoza timu kwa miaka 40, akaondolewa kwa sababu ya umri mwishoni mwa msimu wa 1932, mwaka ule ule wa filamu yetu. Mwaka 1935 mchezaji wa Chicago, Jay Berwanger, alikuwa wa kwanza kabisa kupewa tuzo ambayo leo inaitwa Heisman. Lakini Hutchins hakutaka kununua wachezaji, na aliyekataa kununua alipigwa. Msimu wa 1939 Michigan iliifunga Chicago 85 kwa 0. Desemba hiyo chuo kikaufuta mpira.

Yaani Hutchins alipata mtihani wa Wagstaff, uwanja au chuo, akajibu kinyume. Uwanja uliobeba jina la Stagg ukabaki hauna kazi. Mnamo Desemba 2, 1942, chini ya majukwaa yake ya magharibi, katika chumba kilichojengwa kwa mchezo wa raketi, Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani lililojiendesha lenyewe. Bomu la atomu lilianzia kwenye njia hiyo. Sijui Groucho angelisemea nini hilo, na pengine afadhali hakulisemea. Mpira rasmi ulirudi Chicago mwaka 1969, safari hii bila kuwalipia wachezaji ada kwa sababu ya vipaji vyao.

Na msidhani mambo haya yaliishia kwao. Miaka ya 1970 makocha wa riadha wa vyuo vya Marekani waligundua Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, chini ya kocha John Chaplin, kilichukua Wakenya, na mmoja wao, Henry Rono, aliweka rekodi nne za dunia kati ya Aprili na Juni 1978: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Mtanzania Suleiman Nyambui alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, na mwaka 1980 akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow. Hao walikuwa wanafunzi kweli, na wanariadha kuliko yeyote aliyewahi kuvaa jezi ya Huxley. Lakini mfumo uliowavusha bahari ndio ule ule: chuo kinatafuta ushindi mahali ulipo, na kocha wa chuo jirani ananung'unika kwamba wageni ni wakubwa mno kwa umri, mpaka naye apate wa kwake.

Tofauti ya leo ni kwamba aibu imeondoka. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa sauti moja, iliibana NCAA isivizuie vyuo kuwapa wachezaji mafao yanayohusu masomo. Mwezi uliofuata wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao kwenye matangazo. Juni 2025 jaji akapitisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Wagstaff asingehitaji tena neno la siri. Angetuma mkataba kwa barua pepe. Mimi naona afadhali hivyo: kijana anayeujaza uwanja apate chake mchana kweupe kuliko bahasha ya gizani. Tatizo ni kwamba kichekesho kimepoteza nusu ya makali yake, kwa sababu huwezi kufichua kitu ambacho kimetundikwa kwenye ubao wa matangazo.

Kasoro ya filamu nisiifiche. Connie Bailey, anayeigizwa na Thelma Todd, ni yule ambaye Wamarekani walimwita mjane wa chuo: mwanamke wa mjini anayependwa na wanafunzi kizazi baada ya kizazi, wao wanahitimu yeye anabaki. George Ade aliandika tamthilia maarufu ya jukwaani juu ya mhusika wa aina hiyo mwaka 1904, na filamu yetu inaichezea shere. Ndugu wote wanne wanamtongoza, kila mmoja kwa wimbo ule ule mmoja: Zeppo anauimba, Chico anaupiga kwenye piano, Harpo kwenye kinubi, Groucho kwa gitaa ndani ya mtumbwi huku Connie akipiga kasia. Wazo hilo ni zuri. Lakini Connie mwenyewe hakupewa chochote cha kufanya ila kuwa mlango wanaopitia, na anapotumbukia majini na kuomba boya la kujiokoa, Wagstaff anamrushia pipi yenye jina hilo na kwenda zake. Todd alikuwa mchekeshaji wa kweli, aliyekuwa akisomea ualimu kabla ya kuingia kwenye sinema, na alifariki Desemba 1935 akiwa na miaka 29. Mtazameni usoni katika mtumbwi ule. Anachekesha zaidi ya alivyoandikiwa.

Mambo mawili ya ufundi, halafu nawaachia fundi wetu. Katikati ya upigaji picha Chico alipata ajali ya gari na goti lake likavunjika, kazi ikasimama kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu mara nyingi uwanjani mtamwona ameketi, na katika gari la taka kuna mtu mwingine aliyevaa nguo zake, mrefu kuliko yeye. La pili: katika onyesho la nyumbani kwa Connie, ndugu wakiingia na kutoka mfululizo, picha itaruka na maneno yatakatika. Msimpigie fundi miluzi, mashine ni nzima. Nakala zilizobaki ndivyo zilivyo, zimepoteza vipande, na vipande hivyo havijapatikana mpaka leo.